Shangazi, tajiri anataka niweke saini kabla ya Jumamosi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga mjini. Tangu mwaka 2018 nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Si kiwanda kikubwa, tuko watu kumi na wanne: wakandaji, watu wa tanuri, sisi wa kufungasha, na vijana wawili wanaosambaza kwa toyo. Naingia saa tisa usiku, natoka saa nne asubuhi, siku sita kwa wiki.

Mshahara wangu ni 160,000 kwa mwezi. Kando ya hapo tajiri hutupa 1,500 ya chakula na 1,000 ya nauli kwa kila siku tuliyofika kazini. Hatujawahi kukaa na njaa kazini, na siku mwanangu alipolazwa tajiri alinikopesha bila maneno. Nasema haya usije ukadhani nimeandika kumsengenya mtu.

Mwezi wa kumi mwaka jana redio ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kinapanda kutoka 275,060 hadi 358,322. Shangazi, nilipiga hesabu ile siku mpaka karatasi ikajaa. Binti yangu anaingia kidato cha kwanza. Ada hakuna, lakini sare, viatu, madaftari na begi havijaondolewa na mtu. Kumbe na mwenye nyumba alikuwa akisikiliza redio ile ile. Chumba cha 30,000 kimekuwa 40,000 kuanzia mwezi huu, na alipokuja kuniambia alisema, "Si mishahara yenu imepanda?"

Haijapanda. Jumatatu tajiri alituita ofisini mmoja mmoja. Kuna karatasi ya kurasa mbili. Inasema mkataba wangu sasa ni wa mwaka mmoja kuanzia Januari, mshahara ni 225,000, na chakula na nauli vimo ndani yake. Chini kabisa imeandikwa kwamba makubaliano yote ya nyuma yamefutwa na mfanyakazi hana dai lolote. Kutoka na karatasi huruhusiwi, na kupiga picha huruhusiwi. Nilipouliza kuhusu ile 358,322 alinijibu, "Serikali imepanga mshahara, bei ya ngano haijanipangia." Msimamizi wetu naye anasema tukilipwa kama redio ilivyosema zote zitaishia kwenye kodi.

Wawili wameshasaini. Mmoja ni shoga yangu, tulianza kazi siku moja. Tangu ajue kwamba sijasaini hanisalimii, na mimi moyo umenifunga, simsalimii.

Baba watoto anasema nisaini. Yeye anaendesha bodaboda ya watu, kila siku lazima apeleke elfu nane kwa mwenye pikipiki, mafuta juu yake. Anasema kibarua changu kikiota nyasi tutakula nini. Mama yangu yuko Pangani, yeye ameniambia neno moja tu kwa simu: "Usisaini." Sijawahi kuwa na mkataba wa maandishi. Nina slipu za mshahara na kadi ya NSSF.

Siku ya mwisho ni Jumamosi. Je, nisaini? Na ile 358,322 iko wapi?

Mfungashaji, Makorora

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku, na asubuhi nikaisoma tena nikiwa na kalamu na kikokotoo. Usisaini Jumamosi. Sikuambii uache kazi wala ugombane na mtu. Nakuambia kwamba mkono wako usiguse karatasi ile mpaka utakapokuwa nayo nyumbani kwako, mezani, umeisoma yote na mtu mwingine anayejua ameisoma.

Nianze na ile namba ya redioni, maana imewachanganya wengi, na wenye nyumba wameifaidi kabla ya wafanyakazi. 358,322 ni wastani. Kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa amri ya mishahara, na amri hiyo ina sekta nyingi, kila sekta na kiwango chake. Tazama amri iliyotangulia, iliyoanza Januari 2023: benki waliwekewa 592,000, viwanda na biashara 150,000, kilimo 140,000. Ukichanganya wa juu na wa chini ukagawanya, unapata namba nzuri ya kutangaza, ambayo mfungashaji wa mikate hataiona kwenye slipu yake. Kwa hiyo usimdai tajiri 358,322. Atakushinda kwa hoja moja, na ukishashindwa ya kwanza hata ya haki hutasikilizwa. Mdai kiwango cha sekta yako kilichoandikwa kwenye amri mpya, iliyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali mwezi wa kumi mwaka jana. Afisa kazi wa mkoa anayo. Nenda ukaone mstari wako kwa macho yako, uandike namba kwenye daftari.

Naikubali amri hii, nisieleweke vibaya. Kabla ya ile ya 2023 watu walikaa na viwango vya mwaka 2013, karibu miaka kumi, huku unga, sukari na nauli havikumsubiri mtu. Mara hii imepita miaka mitatu tu. Ninacholalamikia ni kwamba tangazo lilifika kila nyumba kwa redio, na jedwali lenye viwango halikufika mlangoni kwa mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye 225,000. Fanya hesabu nami. Unafanya kazi siku kama 26 kwa mwezi. Chakula 1,500 mara 26 ni 39,000. Nauli 1,000 mara 26 ni 26,000. Jumla 65,000. Ongeza 160,000 yako, unapata 225,000. Ni ile ile! Hakuna shilingi iliyoongezwa. Posho zako zimehamishwa kutoka mfuko huu kwenda mfuko ule, zikaitwa mshahara, ili mkaguzi akija aone namba kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatenganisha mshahara wa msingi na posho, na ndiyo maana nakwambia kiwango cha amri ukilinganishe na ile 160,000. 

Na mkononi utapungukiwa. Kwenye picha za slipu ulizonitumia, makato ya NSSF ni 16,000, yaani asilimia 10 ya mshahara wa msingi. Ukiweka na posho, leo unabaki na 209,000. Kwa karatasi mpya, asilimia 10 ya 225,000 ni 22,500, unabaki na 202,500. Zimepungua 6,500, katika mwezi ambao chumba kimepanda elfu kumi. Kweli, ile inayozidi kwenda NSSF haijapotea, ni akiba yako, na mwajiri naye anapaswa kuongeza sehemu yake, maana mchango wote ni asilimia 20. Lakini ni akiba pale tu inapofika. Ukipita ofisi ya NSSF, omba taarifa ya michango yako yote tangu 2018, uone kama kila mwezi upo.

La kodi, mwambie msimamizi wenu apumzike. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Hiyo ni hofu tu, na imewafanya watu wengi wakatae haki yao kwa mikono yao wenyewe.

Lakini mwanangu, hizo zote ni ndogo. Linalonitisha kwenye karatasi ile ni maneno mawili: "mwaka mmoja". Na ule mstari wa chini kabisa.

Leo wewe ni mfanyakazi wa kudumu. Hukuwahi kupewa karatasi, lakini umefanya kazi miaka saba mfululizo. Tajiri akitaka kukuondoa lazima awe na sababu halali na afuate utaratibu. Akipunguza watu lazima awape taarifa na akae nanyi mzungumze kabla. Wewe unayelipwa kwa mwezi una notisi ya siku 28, na una kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka kumi. Kwa mshahara wako wa leo, siku moja ni kama 6,150, siku saba ni kama 43,000, mara miaka saba ni laki tatu na kidogo. Sasa mkataba wa mwaka mmoja ukiisha, umeisha. Desemba tajiri hahitaji sababu wala barua, tarehe imekufukuza. Na mkataba uliokwisha kwa muda wake hauna kiinua mgongo. Ile miaka saba ya nyuma je? Utakuwa umesaini kwamba imefutwa.

Tena sheria haikuacha mikataba ya muda iwe ya kila mtu. Tangu mwanzo iliwekwa kwa wataalamu na watu wa ngazi za uongozi. Marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza mazingira mengine, kama kazi za msimu au pale kazi inapozidi kwa muda. Mikate ya Tanga si ya msimu. Watu wanakunywa chai kila siku ya Mungu.

Mama yako wa Pangani hakukupa sababu, ila mimi nadhani naijua, kwa sababu ni rika langu. Baba yangu alikata mkonge kwenye mashamba ya njia ya Muheza. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na miaka mitatu baadaye mashamba mengi yakataifishwa, huku kamba za nailoni zikishusha bei duniani kote. Yeye hayo hakuyasoma popote. Aliyaona kwenye kipande chake, ile kadi ya kuandikiwa siku za kazi, siku hizo zilipoanza kupungua. Vipande vyake alivitunza kwenye kopo la maziwa mpaka anakufa. Sisi watoto tukimcheka.

Kisha ikaja zamu yangu. Nilikuwa kwenye kiwanda cha umma hapa hapa mjini, miaka ya tisini, ubinafsishaji ulipoanza. Siku moja tulipangwa foleni, tukapewa bahasha na karatasi. Karatasi ilisema nimepokea stahiki zangu zote na sina dai. Nilikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, bahasha ilikuwa nene, sikusoma. Nilihesabu pesa nikiwa nimeshatoka getini. Miaka yangu minne ya mwanzo haikuwemo. Niliporudi nilionyeshwa saini yangu. Mwandiko wangu mzuri, Shangazi yenu niliyesifiwa hati shuleni. Wenzangu waliokataa kusaini siku ile walihangaika miezi, na baadhi yao walilipwa pungufu ileile niliyoikosa mimi. Mpaka leo nikiona mstari wa nukta umeachwa chini ya karatasi, tumbo linanicheza.

Ndiyo maana sikubali watu wanaposema mambo ya Dodoma yako mbali na sisi. Hayako mbali, yanakuja kwa karatasi. Mtu anaamua kwenye ukumbi, anapigiwa makofi, kisha uamuzi ule unasafiri unashuka ngazi moja hadi nyingine, na ngazi ya mwisho ni meza ya tajiri wako, na wewe umesimama, na kalamu iko wazi. Pale mezani ndipo nyongeza inapogeuka kuwa pungufu.

Tajiri wako simwiti mtu mbaya, na nimefurahi kwamba hata wewe hukumwita hivyo. Anayokwambia kuhusu ngano yana ukweli. Sehemu kubwa ya ngano ya nchi hii inatoka nje na inalipiwa kwa dola, na tanuri na toyo vinakula mafuta ambayo bei yake hutangazwa upya kila mwezi. Mwaka 2023 bajeti iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Baba watoto aliilipa, na tajiri aliilipa. Mkate akiupandisha, mama ntilie wa Ngamiani ataacha kuuchukua. Mzigo wake naujua. Ila mzigo ukimzidi, njia ni kukaa na nyinyi kumi na wanne akafungua daftari, mkaelewana. Si kuuhamishia kwenye kichwa cha mfungashaji kwa siri, mmoja mmoja, bila nakala.

Hivi ndivyo ningefanya. Kesho kwenye mapumziko, ongea na wenzako, hata kama mtakuwa watano. Mwendeni tajiri pamoja, kwa adabu, mkamwombe mambo mawili: nakala ya karatasi na muda wa kuisoma. Sheria inamtaka mwajiri anapobadili masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na amwarifu kwa maandishi, kwa hiyo hamuombi hisani. Akisema hakuna nakala, hakuna saini. Akikubana peke yako ofisini na ukaona lazima uandike kitu, andika kwa mkono wako: "Nimeonyeshwa, sijakubali", na tarehe. Hiyo nayo ni kumbukumbu.

Kabla ya Jumamosi nenda kwa afisa kazi. Beba slipu zote, kadi ya NSSF, na daftari la hesabu tulizofanya hapa. Kutokuwa na mkataba kusikutie unyonge. Kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri, na kesi ikifika mbele, asipoutoa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yako unamwangukia yeye. Ulizia pia chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, TUICO. Mtu kujiunga na chama si kosa, na kufukuzwa kwa sababu hiyo si halali.

Ikitokea Jumamosi amekuondoa kwa kutosaini, usikae nyumbani ukilia mpaka mwezi upite. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mapunjo ya mshahara, ndani ya siku 60. Watu wengi wenye haki wamerudishwa mlangoni kwa kuchelewa. Andika tarehe ukutani.

Na kuna jambo ambalo hukuliuliza. Unaingia saa tisa usiku. Kazi inayofanyika kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Wewe una saa tatu za hivyo kila usiku, siku sita kwa wiki, miaka saba. Kwenye slipu zako sijaiona hata senti. Si fedha nyingi, lakini mweleze afisa kazi, kwa sababu wenzako wa tanuri wanaoingia mapema zaidi watakuwa na saa nyingi kuliko zako.

Baba watoto usimpinge kwa ukali. Mtu anayepeleka elfu nane kila jioni kwa pikipiki isiyo yake anaijua hofu. Mwonyeshe tu ile hesabu ya 209,000 na 202,500. Acha ahesabu mwenyewe.

Mwenye nyumba umwambie ukweli kwamba redio ilisema na slipu haijasema, na mpe slipu moja asome yeye mwenyewe. Akikataa, muombe angalau asubiri mpaka jambo hili liishe.

Halafu yule shoga yako. Usimnunie. Alisaini kwa hofu ileile uliyo nayo wewe, na huenda hakusalimii kwa sababu ya aibu. Nenda kwake leo jioni kabla hujaenda popote, na upeleke kitu cha kumpa mtoto. Yeye amesaini, kwa hiyo ana haki ya nakala yake, na tajiri hana pa kumnyimia. Hiyo itakuwa nakala ya kwanza kutoka nje ya ofisi ile, na afisa kazi ataitaka.